Kununua kompyuta ya gemu iliyo tayari au kuiunda mwenyewe: namna ya kuamua ukiwa Afrika Mashariki

Ushauri mwingi kuhusu kompyuta za gemu umeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, ambako kifaa kikiharibika hurudishwa kwa posta na kingine kikaletwa mlangoni baada ya siku chache. Ndiyo maana jibu lao huwa fupi: unda mwenyewe, utaokoa fedha. Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa, Arusha au Nairobi jibu hilo halitoshi, kwa kuwa vipuri vingi hufika kaunta vikiwa vimeshabeba gharama za usafiri na faida ya watu wa kati, dhamana ya kipuri huenda inatambulika katika nchi nyingine tu, na sokoni kwetu kuna njia ya tatu ambayo huko haipewi uzito mkubwa, yaani kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi ya grafiki, yaani kipuri kinachochora picha za gemu. Kwa maoni yangu, swali la kutangulia yote ni hili: siku kompyuta itakapogoma kuwaka, nani atakayebeba mzigo wa kuitengeneza? Ukishalijibu kwa ukweli, bei na vipimo vingine hupata mahali pake.

Gemu, skrini na umeme

Andika majina ya gemu unazokusudia kucheza katika mwaka huu na ujao, kisha fungua ukurasa wa kila moja kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, au kwenye duka la kampuni iliyoitengeneza, usome mahitaji yanayopendekezwa. Mahitaji ya chini kabisa yasikudanganye, maana mara nyingi yanakuhakikishia tu kwamba gemu itafunguka. Mchezaji wa Valorant, League of Legends au eFootball hutoshelezwa na kadi ndogo ambayo mchezaji wa Cyberpunk 2077 hawezi kuivumilia, na watu hao wawili hawastahili kupewa ushauri mmoja. Angalia pia nafasi ya kuhifadhi: matoleo ya karibuni ya EA Sports FC yanataka takribani GB 100, hivyo SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256, ambayo wauzaji hupenda kuiweka ili kushusha bei, hujaa ukishaweka Windows na gemu mbili za namna hiyo. GB 512 ndiyo pa kuanzia, na TB 1 ni bora zaidi ikiwa bando la intaneti halikuruhusu kufuta gemu na kuishusha upya kila mara.

Skrini nayo ina neno lake. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta takribani milioni 2.1, ile ya 2560 kwa 1440 ina takribani milioni 3.7, na ya 4K ina zaidi ya milioni 8, na kadi ya grafiki hulazimika kuzichora nukta hizo upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja. Anayechezea kwenye televisheni ya kawaida ya 60 Hz, yaani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, hana sababu ya kulipia kadi inayotoa fremu 144 kwa sekunde. Amua skrini kwanza, au kubali uliyo nayo, kisha ndipo utafute kadi ya kuilisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umeme. Kompyuta yenye prosesa ya wati 65 na kadi ya wati 115, mathalani RTX 4060, hutumia kiasi cha wati 250 ikijumuishwa na skrini wakati wa kucheza, na hiyo ni uniti moja ya umeme kwa kila saa nne. Gharama hiyo inabebeka, lakini kukatika kwa umeme ghafla na kupanda na kushuka kwa volti huumiza vifaa kuliko saa nyingi za kucheza. Weka UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza, usiihesabu kama nyongeza ya baadaye. Soma wati zake, usiridhike na VA zilizoandikwa kwa herufi kubwa: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hivi, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, si kukuwezesha kuendelea na mechi. Kama nyumbani kwako taa hufifia jioni, tafuta UPS yenye uwezo wa kurekebisha volti bila kuhamia kwenye betri kila mara, la sivyo betri itachoka mapema.

Njia ya tatu: kompyuta ya ofisi iliyotumika

Naianza njia hii kwa sababu kwa wasomaji wengi ndiyo inayowezekana. Kompyuta kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk huondolewa maofisini Ulaya na Marekani zikiwa bado nzima, husafirishwa kwa makontena, na huuzwa Kariakoo na katika maduka ya katikati ya Nairobi kwa bei ambayo vipuri vipya haviwezi kushindana nayo. Zimejengwa ili zifanye kazi mchana kutwa kwa miaka. Ukiichagua vizuri na kuitilia kadi inayofaa, unapata mashine inayocheza gemu nyingi katika 1080p (ile skrini ya 1920 kwa 1080) kwa mipangilio ya kati.

Kuichagua vizuri kunaanza na kizazi cha prosesa. Stika ya Core i7 peke yake haina maana. Prosesa ya i7-2600 ya mwaka 2011 ina kori 4 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 8 (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), na i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina kori 4 na nyuzi 8, lakini hii ya pili huipita ile ya kwanza kwa mbali sana, ingawa dukani i7 ndiyo inayotajwa kwa fahari. Soma tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 ni kizazi cha nane, 12100 ni kizazi cha kumi na mbili. Mstari wa kutovuka, kwa maoni yangu, ni kizazi cha nane. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia takriban kizazi cha nane, ikitaka pia TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta. Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga inayozuia programu isiyoaminika wakati wa kuwaka) ziwe zimewashwa, na Battlefield 6 inadai Secure Boot. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha nne na ikawaka vizuri mbele yako, ila mashine hiyo haimo katika orodha ya Microsoft, na huna uhakika wa kupata masasisho. OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, prosesa ya kori 6 ya mwaka 2018, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Baada ya kizazi, angalia umbo. Kompyuta hizi huja katika maumbo kadhaa, na lile jembamba linalolala mezani ndilo linalojaa madukani kwa sababu maofisi yalilipenda. Ndani yake huingia kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na hugharimu zaidi. Tafuta mnara kamili. Mwombe muuzaji afungue ubavu, kisha pima kwa rula nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza cha mbele, ambacho mara nyingi ni kishikio cha diski, ulinganishe na urefu wa kadi unayoitaka.

Kisha kuna pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na hapa ndipo wengi huumia. Mashine hizi hutoka kiwandani na pawa saplai ya kati ya wati 180 na 300, na nyingi kati ya zile za miaka ya karibuni hutumia plagi za ndani za kampuni yenyewe badala ya plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo huwezi kuingia duka la jirani, ukanunua pawa saplai yoyote na kuichomeka. Tundu la PCIe, ambamo kadi huchomekwa, hutoa hadi wati 75 bila waya wa ziada. Kwa hiyo kadi yako inatakiwa iridhike na hizo. GTX 1650 ina matoleo yasiyohitaji waya wa ziada, na RTX 3050 ya GB 6 hutumia wati 70. Usichanganye hiyo ya mwisho na RTX 3050 ya GB 8, ambayo hutumia wati 130 na inahitaji waya wake; majina ni yaleyale, maboksi yanafanana, na muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti. RX 6400 hutumia wati 53 na kuna matoleo yake ya nusu kimo, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mashine ya kizazi cha nane, ambayo ni PCIe 3.0, hupoteza sehemu ya nguvu zake. Usikubali waya wa kugeuza plagi ya SATA (ya diski) kuwa plagi ya kadi ya grafiki, hata ukiambiwa kwamba wateja wote wanautumia. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na ikiyeyuka haiyeyuki peke yake.

Wanaotaka kadi kubwa zaidi ndani ya kasha lililotumika wanaweza kutafuta mashine za wahandisi badala ya zile za ofisi. HP Z440, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 700 na nyaya za kadi zimo tayari. Kasoro yake ni prosesa za Xeon za tangu mwaka 2014, ambazo hazimo katika orodha ya Windows 11.

Ukubali tangu mwanzo kwamba njia hii ina dari. Utaongeza RAM, utabadilisha SSD, utaweka kadi moja ya wati 75, na hapo safari imekwisha. Kwa mwanafunzi au kijana anayeanza kazi, dari hiyo haina ubaya wowote, na ningempendekezea njia hii bila kusita kuliko kumwona akinunua kompyuta mpya yenye taa za rangi na vipuri dhaifu.

Kompyuta iliyo tayari

Faida ya kununua iliyo tayari ni moja na ni kubwa: risiti moja, mlango mmoja wa kugonga. Ikigoma, huhitaji kujua kama tatizo ni RAM au ubao mama, ule ubao unaobeba vipuri vyote. Unaibeba na kuirudisha. Faida hiyo ipo tu iwapo dhamana ni ya kweli, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: ni miezi mingapi, inahusu vipuri vyote au baadhi tu, matengenezo yanafanyika mjini hapa au kompyuta itapelekwa nchi nyingine, na gharama ya kuipeleka ni ya nani. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Dhamana ya mdomo hudumu mpaka utakapoihitaji.

Baada ya hapo, dai orodha ya vipuri kwa majina kamili: prosesa, ubao mama, RAM, SSD, kadi ya grafiki na pawa saplai. Tangazo linalosema tu "Core i5, RAM 16, grafiki 8 GB" halijakuambia kitu. Muuzaji anayeweza kutaja vyote isipokuwa pawa saplai amekuonyesha mahali alipobana matumizi.

Hiyo "grafiki 8 GB" inastahili kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo hila inayouza kompyuta nyingi zisizo na kadi kabisa. Washa kompyuta dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda sehemu ya Performance, kisha bofya GPU. Chini utaona mistari miwili inayohusu memori: mmoja wa memori ambayo ni mali ya kadi yenyewe, na mwingine wa memori inayoazimwa kutoka kwenye RAM ya kompyuta. Kompyuta isiyo na kadi huonyesha mstari wa kwanza ukiwa na MB 128 tu au ukiwa haupo kabisa, na wa pili ukiwa na GB 8, ambazo ni nusu ya RAM ya GB 16. Hizo ndizo gigabaiti nane ulizotangaziwa. Ukiwa hapohapo, bofya Memory uone RAM imekaa kwenye nafasi ngapi. RAM ya GB 16 katika kipande kimoja hufanya kazi polepole kuliko vipande viwili vya GB 8, na pengo hilo huonekana zaidi kwenye kompyuta inayotegemea grafiki ya ndani ya prosesa.

Kadi zilizotumika zinahitaji uangalifu zaidi. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi za grafiki mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zilimiminika sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka, na bei yake inapaswa kuakisi hivyo. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa mpya. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi. Kadi nyingi za bandia inazitambua na kuandika neno FAKE kwenye jina. Ukikuta RX 580 yenye maandishi 2048SP, jua kwamba kimsingi uwezo wake ni wa RX 570, na uilipe bei ya RX 570. Kisha omba gemu ichezwe kwa nusu saa, ukisikiliza feni na kutazama joto. Muuzaji anayekukatalia jambo hilo mwache na mali yake.

Kuhusu kompyuta mpakato za gemu nitasema machache. Zinamfaa anayehama hama, hasa mwanafunzi wa hosteli, na betri yake humpa kinga ya umeme kukatika. Lakini jina la kadi halitoshi kukueleza uwezo wake: RTX 4060 ya mpakato huweza kupangwa na kiwanda kutumia kuanzia wati 35 hadi 115, na tofauti ya utendaji kati ya ncha hizo ni kubwa. Kwa anayekaa mahali pamoja, fedha ileile hununua mashine yenye nguvu zaidi, inayopoa vizuri na kutengenezeka.

Kuunda mwenyewe

Kazi ya mikono yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Kwa bisibisi ya nyota, meza safi na alasiri moja, mtu makini anayesoma kitabu cha ubao mama huimaliza. Sehemu ya kuogopa ni pini za soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama, maana zikipinda dhamana ya ubao mama kwa kawaida hufa hapohapo. Ugumu wa kweli unakuja ukibonyeza swichi, feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Tatizo linaweza kuwa RAM haikukaa sawasawa, BIOS (programu ya ubao mama) ya zamani isiyoitambua prosesa, kadi, au ubao wenyewe, na njia ya uhakika ya kulijua ni kubadilisha kipuri kimoja kimoja kwa kingine kizima. Je, una rafiki au fundi mwenye vipuri vya kujaribia? Kama huna, nunua ubao mama wenye taa nne ndogo pembeni zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Wakati wa kuwaka, taa hubaki kwenye hatua iliyokwama, na hilo peke yake linaweza kukuokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Katika kuchagua vipuri, anza na soketi kwa kuwa ndiyo inayoamua mustakabali. AM4 ya AMD ipo tangu mwaka 2016, vipuri vyake vimetapakaa, na Ryzen 5 5600 juu yake bado ni prosesa nzuri ya gemu kwa bajeti ya kati. Ukinunua ubao wa B450, muulize muuzaji kama BIOS imeshasasishwa kwa prosesa za mfululizo wa 5000. AM5 ilianza mwaka 2022, hutumia RAM ya DDR5, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi angalau mwaka 2027, kwa hiyo ndiyo ya kuchagua kama unakusudia kubadilisha prosesa baadaye bila kubomoa kila kitu. Kwa Intel, angalia herufi ya mwisho: i5-12400F haina grafiki ya ndani, na bila kadi haitoi picha yoyote.

Grafiki ya ndani inafungua mlango kwa wale ambao fedha huja kidogo kidogo. Ukianza na Ryzen 5 5600G au 8600G, unapata kompyuta kamili leo, unacheza gemu nyepesi, na kadi unaiongeza utakapoweza. Nashauri hivyo badala ya ile desturi ya kununua kipuri kimoja kila mwezi na kukirundika kabatini, kwa sababu dhamana huanza kuhesabiwa siku ya risiti. Ubao mama ulionunuliwa Januari na kuwashwa kwa mara ya kwanza Septemba huenda ukagunduliwa kuwa mbovu baada ya dhamana ya dukani kwisha.

Zingatia pia kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani, kwani viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na SSD nazo zimeguswa. Jambo hili limebadilisha hesabu: kompyuta iliyo tayari ambayo duka liliiingiza kabla ya bei kupanda inaweza kuwa nafuu kuliko vipuri vyake vikinunuliwa kimoja kimoja leo, na kompyuta ya ofisi inayokuja na GB 16 za DDR4 ndani yake imepata thamani zaidi. Pata bei mpya wiki ileile unayonunua. Hesabu ya miezi sita iliyopita itupe.

Pawa saplai ndicho kipuri ambacho sitakubali upunguze. Kwa kadi kama RTX 4060 au 5060, wati 550 kutoka kwa kampuni inayojulikana zinatosha. Nembo ya 80 PLUS inapima ufanisi wa kubadilisha umeme, haithibitishi ulinzi wala uimara, hivyo isome pamoja na jina la kampuni na urefu wa dhamana. Kagua pia nyuma: pawa saplai za bei ya chini na baadhi ya zile zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Hapa kwetu lazima iwe 230. Ikichomekwa ikiwa kwenye 115, hulipuka papo hapo.

Na usisahau hali ya hewa. Vipimo vya joto unavyoviona kwenye video za wenzetu hupimwa katika vyumba vya nyuzi 20 hivi, ilhali chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinaweza kufika nyuzi 32, na zile 12 za ziada huongezeka karibu zote kwenye joto la prosesa na kadi. Chagua kasha lenye wavu mbele, vichujio vya vumbi vinavyotoka kwa urahisi, na angalau feni mbili za kuingiza hewa na moja ya kuitoa. Kasha la kioo mbele linapendeza kwenye picha, lakini pwani linaipika kadi yako.

Kuagiza kutoka nje

Ukiwa na ndugu Dubai au Muscat, kuagiza kunavutia, na volti na plagi za huko zinalingana na zetu. Mimi hugawa hivi: prosesa, RAM na SSD ni vidogo, havipondeki kirahisi safarini na haviharibiki mara kwa mara, hivyo vinaweza kutoka mbali; lakini ubao mama, pawa saplai na kadi kubwa ndivyo vinavyorudishwa zaidi, basi vinunuliwe mahali unapoweza kufika kwa daladala au matatu. Katika kulinganisha bei, kumbuka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, pamoja na ada za uingizaji.

Kufikia uamuzi

Tafuta bei tatu kwa uwezo unaolingana: kompyuta iliyo tayari, vipuri vyake kimoja kimoja, na kompyuta ya ofisi pamoja na kadi. Jumlisha kila kitu, yaani UPS, skrini, kibodi, leseni ya Windows na nauli. Kama vipuri vinaokoa chini ya asilimia kumi, nunua iliyo tayari yenye dhamana ya mjini, kwa sababu kiasi hicho humezwa na kipuri kimoja kibovu. Kama tofauti ni kubwa zaidi, na una mtu wa kukusaidia siku skrini itakapobaki nyeusi, unda. Mzazi anayemnunulia mtoto na asiyejihusisha na kompyuta anunue iliyo tayari hata kwa bei ya juu kidogo. Mwenye kibanda cha gemu chenye mashine kadhaa aunde zinazofanana kabisa na aweke pawa saplai moja na RAM za akiba, kwani kwake kila saa ambayo mashine imelala ni mteja aliyeondoka.

Kati ya kununua na kuunda kuna mapatano ambayo maduka mengi huyakubali ukiyaomba: unapeleka orodha yako ya vipuri, duka linaviuza vyote na kuviunganisha kwa ada ya ufundi, na dhamana inakuwa yao. Kaa hapo wakati wa kuunganisha. Hakikisha kila boksi linafunguliwa mbele yako, namba za vipuri zinaandikwa kwenye risiti, na maboksi unaondoka nayo.

Kwa njia yoyote utakayochagua, wiki ya kwanza itumie kuibana mashine. Ichezeshe gemu nzito kuliko zote ulizo nazo kwa saa mbili mfululizo wakati wa mchana wa joto, izime na kuiwasha mara nyingi, jaribu kila tundu la USB, na ingia kwenye BIOS uwashe XMP au EXPO ili RAM ifikie kasi uliyoilipia. Thibitisha kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mama, na kwamba Windows imepangwa kwenye Hz zote za skrini yako. Ikizima ghafla, ikiganda au ikitoa mistari kwenye picha, irudishe siku hiyohiyo, kabla muuzaji hajapata hoja ya kusema kwamba umeshaitumia muda mrefu.